Toroli la Kompyuta Hukaguliwa Kuanzia Chini

Katika wodi za hospitali kubwa za Marekani, mara nyingi utamkuta muuguzi akisukuma nguzo yenye magurudumu: juu skrini, katikati kibodi, kando droo za dawa, na karibu na sakafu betri. Wanunuzi wengi huanza kulitazama toroli hilo juu. Huuliza ukubwa wa skrini na kasi ya kompyuta. Sisi wahandisi wa vifaa tiba tunapaswa kuanza chini, kwa kuwa betri na magurudumu ndivyo vinavyoamua kama muuguzi atafuata utaratibu au ataukwepa.

Utaratibu wenyewe una historia fupi ya kupendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sue Kinnick, muuguzi wa hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Topeka, Kansas, alimwona mhudumu wa magari ya kukodi akipokea gari kwa kusoma bakodi yake kwa kifaa cha mkononi. Akajiuliza kwa nini dawa isikaguliwe hivyo. Wazo hilo likawa mfumo: muuguzi anasoma bakodi ya mkanda ulio mkononi mwa mgonjwa, kisha ya dawa, na kompyuta inalinganisha mgonjwa, dawa, dozi na saa. Vikitofautiana, inapiga kelele kabla kidonge hakijamezwa. Ila ukaguzi huo lazima ufanyike kitandani, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kupelekwa kwenye kompyuta kila saa ya dawa ikifika, kompyuta ikapewa magurudumu. Sheria ya 2009 iliyotenga mabilioni ya dola kwa hospitali zitakazotumia kumbukumbu za kielektroniki ilizidi kuyaongeza matoroli hayo mawodini.

Je, mfumo unafanya kazi? Katika Brigham and Women's Hospital mjini Boston, watafiti walishuhudia dawa zikitolewa zaidi ya mara 14,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Ukiacha kando makosa ya kuchelewesha au kuwahisha dozi, makosa yalikuwa asilimia 11.5 pasipo bakodi na asilimia 6.8 palipokuwa nayo. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, Ross Koppel na wenzake walikuwa wamechapisha utafiti mwingine ambao ningependa kila kamati ya manunuzi iusome kwanza. Waliorodhesha njia 15 ambazo wauguzi hutumia kuukwepa ukaguzi, na sababu 31 zinazowasukuma kufanya hivyo. Nakala za mikanda ya wagonjwa zilibandikwa kwenye matoroli na hata kwenye miimo ya milango, ili zisomwe bila kumfikia mgonjwa. Mashine ikaridhika, na rekodi ikaonekana safi. Kati ya sababu hizo zilikuwamo betri zinazokata, mtandao usiotabirika na bakodi zisizosomeka. Ukiisoma orodha hiyo, ni vigumu kuwaita wauguzi wazembe.

Tuanze na betri basi. Kompyuta, skrini na kisomaji vikitumia wati 40, zamu ya saa 12 inahitaji watisaa 480. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo utahitaji yenye uwezo wa takriban watisaa 960, uzito unaokaribia kilo 27. Muuguzi atausukuma uzito huo usiku kucha. Isitoshe, betri hiyo hudumu mizunguko mia kadhaa tu ya chaji. Wodi inayoitumia kila zamu itaichosha ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Betri ya lithiamu aina ya fosfati ya chuma hufanya kazi hiyohiyo kwa kilo sita au saba na kuvuka mizunguko 2,000. Bei yake ya kuanzia huwatisha wahasibu, lakini gawanya bei hiyo kwa miaka itakayotumika. Heri zaidi toroli lenye betri ya kuchomoa, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa kwenye chaja. Toroli lililofungwa ukutani kwa waya linageuka meza, nasi tumerudi dawatini. Moto nao si hadithi: mwishoni mwa 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizitahadharisha hospitali kuhusu betri za matoroli haya kupata joto kupita kiasi, kuwaka na hata kulipuka. Chaja zikae mahali penye hewa, mbali na oksijeni, zisifichwe stoo.

Magurudumu madogo hukwama kwenye ufa wa lifti. Chagua ya sentimita 12 au zaidi, mawili yakiwa na breki. Kimo kirekebishwe kwa mkono mmoja, maana mrefu na mfupi hupokezana zamu. Kibodi iwe ya kufutika kwa dawa ya kuua vijidudu, la sivyo toroli litasambaza vimelea kitanda hadi kitanda.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kikwazo kinachotangulia toroli. Vidonge vingi hutoka kwenye kopo kubwa na kuhesabiwa ndani ya kibahasha, na bakodi, ikiwepo, inabaki na kopo duka la dawa. Toroli la maelfu ya dola halitakuwa na cha kusoma. Marekani ililazimika kuweka kanuni mwaka 2004 ya bakodi kwenye dawa. Tena wodi zetu za zamani zina baraza, ngazi na vitanda vilivyokaribiana mno. Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Malawi, ambako Baobab Health ilibuni vituo vya skrini ya kugusa vinavyotumia umeme kidogo na betri za akiba, vikakaa palepale mgonjwa anapohudumiwa. Havikuwa na magurudumu, na kwa kliniki ambako mgonjwa ndiye anayetembea, havikuyahitaji.

Hospitali iliyokwishapanga dawa kwa dozi mojamoja na kuvalisha wagonjwa mikanda inaweza kuomba toroli la majaribio. Lipewe zamu ya usiku, si mkutano wa mchana wenye soda na muuzaji. Lisukumwe hadi kitanda cha mwisho, umeme ukatwe, na asubuhi waulizwe wauguzi waliachia wapi kulitumia. Mkataba utaje bei ya betri ya pili na ya magurudumu ya akiba.