Bangi ya Harufu ya Chungwa kwenye Mvua ya Vancouver

Mvua ya Vancouver haina kishindo cha masika ya Tanga. Ni manyunyu ya baridi yanayoanza Oktoba na kuendelea hadi Machi, na ua la bangi lililonona huyanywa mpaka likaoza kutoka ndani. Mimi mtoto wa Muheza, nimekulia chini ya michungwa, nikajifunza kilimo cha bustani huku ugenini. Nimekuwa nikihangaika na swali moja: aina za bangi zenye harufu ya ndimu na chungwa, ambazo nyingi hupenda jua na vuli kavu, zitakomaaje mahali pa manyunyu?

Kwanza sheria, maana hapa hapahitaji kubahatisha. Kanada iliruhusu bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, ikawa nchi ya pili duniani baada ya Uruguay. British Columbia inamruhusu mwenye miaka 19 au zaidi kupanda nyumbani, lakini mashina manne tu kwa kaya, hata kaya yenyewe iwe na watu wazima sita. Mashina hayo yasionekane kutoka barabarani wala uwanja wa shule, na mwenye nyumba anaweza kumkataza mpangaji. Tanzania na Kenya kulima bangi ni kosa la jinai, kwa hiyo ndugu zangu mnaosoma huko msiyachukue maelezo haya kama ruhusa. Hata mpaka wa Marekani ulio karibu nasi hauvukwi na jani moja, ingawa jimbo la Washington ng'ambo ya pili nalo limehalalisha.

Sasa harufu. Ukikamua ganda la chungwa, mafuta yanayoruka ni limonini kwa zaidi ya asilimia 90. Bangi nayo hutengeneza limonini kwenye vinyweleo vyenye utomvu vinavyofunika maua jike, na ndiyo iliyozipa sifa aina kama Tangie na Super Lemon Haze. Hii ya pili ilizalishwa Amsterdam, ikashinda shindano la bangi la Cannabis Cup mwaka 2008 na tena 2009. Lakini limonini peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kemikali nyingine za kiasi kidogo mno, zikiwamo zenye salfa, zina mchango mkubwa katika kutofautisha harufu ya aina moja na nyingine. Ndiyo maana sinunui mbolea zinazonadiwa kuwa zinaongeza ladha ya ndimu. Harufu imo ndani ya mbegu. Kazi ya mkulima ni kutoipoteza njiani.

Na njiani kuna kalenda. Bangi ya kawaida husubiri usiku urefuke ndipo ichanue. Vancouver iko nyuzi 49 kaskazini, mwezi Juni mchana hupita saa 16, kwa hiyo maua huanza kutoka karibu na katikati ya Agosti. Ongeza wiki 10 ambazo ukoo wa Haze huzihitaji, umefika mwishoni mwa Oktoba, manyunyu yameshaweka kambi. Inauma, kwa sababu maua ya Haze ni marefu na yameachana, hewa hupita katikati, nayo huvumilia unyevu kuliko maua yaliyoshikana kama ngumi. Yanayofaa kwa umbo hayafai kwa tarehe.

Nimechagua tarehe. Zipo aina zinazochanua kwa umri wala hazijali urefu wa usiku, zilizopatikana kwa kuchanganya bangi ya kawaida na ruderalis, bangi fupi inayostahimili baridi. Mbegu ikiingia udongoni mwanzoni mwa Juni, nyingi huvunwa ndani ya wiki 10 hadi 12, yaani Agosti, mwezi mkavu kuliko karibu yote. Mashina ni mafupi, mavuno ni haba, na wakulima wengi wa zamani huku huzibeza. Mimi nazitetea. Gramu chache safi zinazonukia ganda la chungwa zina thamani kuliko tawi zima lenye kuvu.

Kuvu yenyewe ni Botrytis cinerea, ile ile inayoozesha stroberi na bluberi za Bonde la Fraser. Haihitaji joto kubwa: nyuzi 15 hadi 20 na maji yaliyokaa kwenye ua kwa saa kadhaa huitosha. Nachunguza kila asubuhi, natafuta kijani kimoja kilichochomoza juu ya ua kikanyauka ilhali wenzake wazima. Nakivuta taratibu. Kikichomoka bila kushikilia, nafungua ua, na mara nyingi ndani mna vumbi la kijivu. Hapo nakata chini kabisa ya palipooza na kutia mfukoni kabla sijatikisa shina, kwa sababu vumbi hilo ni vijimbegu vya kuvu. Mkasi naupangusa kwa spiriti. Nusu iliyobaki ya ua hilo haiokolewi. Kuvuta maua yenye kuvu kunaweza kuleta maradhi mabaya ya mapafu, hasa kwa mwenye kinga dhaifu.

Ubwiri unga nao upo, na mkulima wa korosho wa Mtwara hahitaji kufundishwa sura yake. Salfa husaidia kabla ya maua tu. Ikipuliziwa kwenye maua hubaki humo, na chungwa lote limepotea.

Kinachosaidia kuliko dawa ni hewa. Bibi mmoja jirani yangu, aliyefanya kazi kwenye vitalu vya nyanya katika mji wa Delta, ndiye aliyenionyesha namna ya kuezeka: paa la plastiki angavu, pande zote wazi. Wengi hufunga pande ili kuzuia baridi, wakakusanya umande usiku kucha. Majani ya chini yasiyopata jua nayapunguza, maji namwagia shinani asubuhi.

Baada ya kuvuna, matawi yananing'inia kwenye chumba cha giza, nyuzi 16 hadi 18, unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 60, feni ikizungusha hewa bila kuyapiga. Huchukua siku 10 hadi 14. Anayekausha kwa hita kwa haraka huipoteza limonini mapema, maana huvukia kirahisi, akabaki na harufu ya nyasi. Kikonyo kikivunjika kwa mlio, maua yanaingia kwenye chupa za kioo pamoja na kipimo kidogo cha unyevu.

Kuna mtindo wa kutumbukiza ganda la chungwa humo ili kuongeza harufu, nami naupinga kwa nguvu zote. Ganda bichi limejaa maji, hupandisha unyevu ndani ya chupa iliyofungwa, na mara nyingi huja na ukungu wake wa kijani. Kipimo changu kikisoma 65, naacha kifuniko wazi kwa saa chache, nafunga, napima tena kesho yake. Kikipita 70, maua yanarudi kwenye kamba.