Istilahi za Shabaha: Risasi, Kiasi na Mkusanyiko

Mtu akipiga bunduki mara tano, na matundu yakatawanyika ubaoni, husema, "Risasi hizi mbovu." Kauli hiyo yatosha barazani, lakini haimfai fundi anayetafuta kasoro. Neno risasi hubeba maana nne: madini yenyewe, kipande kirukacho, kifaa kizima kitiwacho bundukini, na hata mlio, kama tusemapo, "Nimesikia risasi." Fundi akiambiwa, "Punguza risasi," apunguze nini: uzito wa kipande kirukacho, baruti, au idadi? Katika kazi hii kosa la neno laweza kumjeruhi mtu.

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako wawindaji na walenga shabaha wengi hujaza maganda yao wenyewe kwa mkono. Bunduki mojawapo ipendwayo ni ya .30-06, aina iliyopokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1906. Ganda lake lina urefu wa milimita 63 hivi. Chini yake hutiwa fataki, ndani baruti, na mdomoni risasi yenye kipenyo cha milimita 7.8. Vitu hivyo vinne vikiungana vyaitwaje? Kiswahili cha zamani kina jibu: kiasi cha bunduki. Jina hilo lafaa kufufuliwa, kwani mwenye gobore naye alijipimia baruti, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka fataki. Yupo atakayedai kwamba kiasi ni kadiri ya kitu chochote. Ni kweli, basi kwa baruti na tuseme kipimo cha baruti, na neno kiasi libaki kwa kifaa kizima.

Istilahi nyingine mbili hazina budi kupambanuliwa. Usahihi ni ukaribu wa matundu na alama iliyolengwa. Mkusanyiko ni ukaribu wa matundu yenyewe kwa yenyewe. Matundu matano yakigusana sentimita 10 kushoto mwa alama, mkusanyiko ni mzuri na usahihi ni mbaya. Dawa yake ni kurekebisha kilengeo. Lakini yakitawanyika pande zote, kusogeza kilengeo ni kazi bure. Kasoro iko kwingine.

Hapo yafaa kwanza kujaribu viasi vya kiwandani vyenye sifa njema katika bunduki ile ile. Vikikusanyika vizuri, kasoro yaelekea kuwa katika ujazaji. Visipokusanyika, na tuikague bunduki na mpigaji wake. Je, skrubu za kilengeo na za kitako zimelegea? Je, mtutu umeganda masalio ya shaba? Je, mdomo wa mtutu umeumia? Hapo ndipo gesi inapoiachia risasi, na jeraha dogo huisukuma kando.

Kwa upande wa viasi, wa kushukiwa ni kipimo cha baruti kisicholingana, risasi zenye uzito mbalimbali, na risasi zilizozamishwa katika maganda kwa vina tofauti. Tundu lenyewe nalo husema. Likiwa refu badala ya duara, risasi imefika kiubavu: mara nyingi maana yake ni kwamba michirizi ya ndani ya mtutu haikuizungusha kwa kasi iliyotakiwa na urefu wake, ikapoteza utulivu hewani.

Kanuni ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuandika kila badiliko. Akibadili baruti na risasi pamoja, mtu hatajua ni kipi kilichomponya. Tena, kipimo cha baruti kisizidi kamwe kile cha jedwali la mtengenezaji, maana kizidipo, ganda huweza kupasuka na bunduki ikamvunjikia mwenyewe usoni.

Msomaji ataona kwamba maneno haya karibu yote tunayo tangu enzi za gobore: fataki, ganda, mtutu, mdeki, kiasi. Upungufu wetu umo katika kuyarundika mengi chini ya neno moja, risasi. Twapendekeza risasi ibaki jina la kipande kirukacho, kiasi kiwe kifaa kizima, na mkusanyiko uingizwe kando ya usahihi. Wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyatoa.