Bibi Alitaka Amwite Chausiku

Mwezi wa Novemba bibi yake mwenzetu alianguka jikoni kwake, Leicester. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini alikaa sakafuni karibu dakika arubaini kwa sababu mguu ulikufa ganzi na simu ilikuwa chumbani. Juu ya friji, mbele ya macho yake, palikuwa na spika ya kisasa waliyomnunulia wanawe ili ipige simu siku atakapopatwa na jambo. Aliiita. Akaiita tena. Haikuitika hata mara moja.

Kampuni iliyoiunda hatuitaji, wala jina ambalo spika hiyo hutaka kuitwa. Tutasema tu kwamba jina si la kwetu, na Bibi alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na konsonanti mbili zikikutana mdomoni mwake huzitia irabu katikati. Ndivyo lugha yetu ilivyopata burashi, na ndivyo ilivyopata kilabu, neno lililo kwenye jalada la gazeti hili. Spika haikujua hayo.

Mwenzetu alitusimulia kisa hiki mkutanoni huku akicheka, halafu akaacha kucheka. Alikuwa amesikia kwamba mitambo hii ina majina mengine yaliyofichwa ndani, ambayo mwenye kifaa anaweza kuyachagua. Akatuuliza: je, limo hata moja analoweza kulitamka Bibi? Basi tukaanza kutafuta, watu sita, na kazi tuliyodhani ni ya jioni moja ikatuchukua muhula mzima.

Tuanze na yanayojulikana. Neno linaloizindua spika tunaliita hapa neno la kuamsha. Amazon Echo ilipotoka Marekani mwaka 2014 iliitwa "Alexa" au, ukipenda, "Amazon". Baadaye likaongezwa "Echo". Mwaka 2017 likaja "Computer", zawadi kwa wapenzi wa Star Trek ambao tangu miaka ya 1960 wamewaona manahodha wakizungumza na kompyuta ya chombo chao, na mwaka 2021 likaja "Ziggy". Majina haya huyaoni kwenye boksi. Yamo ndani ya mipangilio ya programu ya simu, chini ya jina la kifaa chenyewe, na orodha hubadilika kufuatana na nchi na lugha. Mengine yamekuja yakaondoka: kwa muda ulikuwa ukiweza kulipia sauti ya mwigizaji Samuel L. Jackson na kumwita kwa jina lake, huduma iliyofungwa mwaka 2023.

Google ina mawili tu, "OK Google" na "Hey Google". Apple ilianza na "Hey Siri" mwaka 2014, na mwaka 2023 ikaruhusu "Siri" peke yake. Kuna pia mizaha iliyofichwa. Ukimsomea Alexa zile alama za siri za michezo ya zamani ya Konami (juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia na kuendelea) atakujibu kwa kejeli kana kwamba umemfungulia nguvu za ajabu. Tulicheka sana. Haimsaidii mtu aliyeanguka.

Kwa nini basi mtu asiandike jina alitakalo? Jibu limo katika namna kifaa kinavyosikiliza. Ndani yake mna programu ndogo mno inayofanya kazi moja tu, kulingoja neno hilo. Inashikilia sekunde chache za sauti, inazipima, inazitupa, inapima nyingine. Ikiona zinafanana na neno lake ndipo inawasha taa na kutuma sauti kwenye seva za kampuni, ambako mashine kubwa zaidi hufanya kazi iliyobaki. Programu hiyo ndogo imefundishwa kwa sauti za watu wengi mno wakilitamka neno moja. Neno jipya ni ufundishaji mpya. Kwa hiyo kampuni huchagua maneno machache, yenye sauti isiyosikika ovyo katika mazungumzo, na huyafundisha kwa masikio ya soko lake. Herufi x katika "Alexa" haikuwekwa kwa bahati.

Hata hivyo hukosea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Max Planck, waliviwekea vifaa hivi tamthilia na taarifa za habari, wakakuta zaidi ya vifungu 1,000 vya maneno vinavyoviamsha bila kuitwa. Neno la Kiingereza la tumbaku liliamsha "Echo", neno la uchaguzi liliamsha "Alexa", na "Montana" iliamsha "Cortana" ya Microsoft. Walipima Kiingereza, Kijerumani na Kichina. Kiswahili hakikuwamo. Tulilidharau hilo wakati ule, na tukaja kujuta kwenye meza ya chakula, kama mtakavyoona.

Kuamka ovyo si kichekesho tu. Mwaka 2019 magazeti yalifichua kwamba wafanyakazi wa Amazon, Google na Apple walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za wateja, na zikiwamo zilizonaswa kwa makosa. Mwaka 2025 Apple ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya watu waliodai Siri iliwasikiliza bila kuitwa, bila kukiri kosa. Tulipomweleza Bibi haya alituuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mlikuwa mmenitilia jasusi juu ya friji?"

Njia ya kwanza iliyotupa matumaini imefichwa kwenye simu. Tangu mwaka 2024, iPhone ina kipengele katika sehemu ya mipangilio iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, ambacho kinakuruhusu kusema neno lako mwenyewe mara tatu, simu ikalihifadhi, na kuanzia hapo neno hilo likaamsha Siri au likatekeleza kazi uliyoipanga. Hapa ndipo tulipojifunza jambo kubwa. Tulikuwa tumeshikilia jina, tukasahau kwamba baada ya jina mtambo hungoja Kiingereza. Bibi akishaitikiwa, atasema nini? Neno linalofanya kazi lenyewe, bila mazungumzo, ndilo alilolihitaji. Lakini simu ya Bibi si iPhone, na hata ingekuwa, siku ile ilikuwa chumbani.

Njia ya pili alitupa mwanachama anayesoma uhandisi. Kuna programu ya bure, openWakeWord, ambayo hukuruhusu kufundisha neno lako mwenyewe katika muda usiozidi saa moja. Huhitaji kurekodi maelfu ya watu. Kompyuta hutengeneza sauti za bandia zikilisema neno lako kwa namna nyingi, ikazichanganya na kelele, ikafundisha kwa hizo. Ukimaliza, unaiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye maikrofoni. Sauti haitoki nje ya nyumba. Ikisikia neno, hutuma ujumbe kwenye simu za wajukuu watatu, basi.

Ikabaki kuchagua neno, na kwa hilo tulipanda treni kwenda Leicester.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Viatu mlangoni."

Wa Mombasa kati yetu alikuja na pendekezo lake tayari: "Hodi". Fupi, la Kiswahili, kila mtu analijua. Bibi alimtazama. "Hodi hupiga anayeingia. Mie nimo ndani, nimpigie nani hodi?" Mwingine akasema "Shikamoo", eti silabi nne, nzuri. Hilo lilimkera kabisa. "Mie nikiamkie kidude? Kwa umri huu?" Tukakaa kimya tunakunywa chai. Kisha akasema kidude kikipewa jina kipewe jina la mtu, na kwamba utotoni alicheza na msichana aliyeitwa Chausiku, ambaye ukimwita mara moja tu huja mbio.

Mwalimu wetu wa fonetiki alilipenda. Cha-u-si-ku: silabi nne, mkazo juu ya "si", na konsonanti zake tatu zinasikika wazi hata kwenye kelele. Kompyuta haikulipenda. Sauti zile za bandia ni za Kiingereza, nazo zilipoona "Chausiku" zikasoma kitu kama "Choziku". Ilitubidi tuwaandikie Waingereza hao wa bandia kwa namna yao, "chah oo see koo", tukasikiliza, tukapunguza herufi, tukaongeza, mpaka likatoka jina la mtu. Usiku huo mmoja wetu alilala na vipokea sauti masikioni, maelfu ya Waingereza wakimwita Chausiku.

Jaribio la kwanza nyumbani kwa Bibi lilikwenda vizuri hadi saa moja na nusu. Ndipo mama yake mwenzetu alipochungulia jikoni na kuuliza, "Chakula cha usiku tayari?" Simu tatu zikalia mezani.

Tulitazamana. Cha usiku. Neno lilelile, silabi kwa silabi, na katika nyumba ya Waswahili hutamkwa kila siku, mara nyingi, na Bibi mwenyewe akiwa wa kwanza. Watafiti wa Bochum wasingeligundua hilo hata wangekaa miaka kumi na tamthilia zao. Cha kuchekesha zaidi, mwenzetu ambaye wazazi wake ni wa Bukavu alisema kwao lisingetokea kamwe, kwa sababu nyumbani kwao husema "chakula ya usiku". Walimu wetu wa sarufi, ambao humsahihisha kila wiki, tunawaachia hilo walitafakari.

Tulitaka kutafuta jina jingine. Bibi akakataa, Chausiku ameshapata jina, hanyang'anywi. Mmoja wetu akapendekeza "Ewe Chausiku", akaambiwa kwamba ewe ni ya utenzi na yeye si malenga. "Mie namwita 'We Chausiku', kama mtu." Tukafundisha upya na "We" mbele. Chakula cha usiku kikapita salama, mara nyingi, tukila makusudi.

Lililotusumbua zaidi ni kiwango cha uhakika. Programu hulipa kila inachokisikia alama kati ya 0 na 1, na kwa kawaida huamka ikifika 0.5. Ukishusha, inaamka ovyo, ukipandisha, inanyamaza. Pia inaweza kufundishwa sauti ya mtu mmoja, ili isiitike wengine. Wazo hilo tulilishangilia kwa siku mbili, mpaka mwenzetu alipouliza sauti ya Bibi tutairekodi akiwa katika hali gani. Tulimrekodi akiwa kitini, na chai mkononi. Mtu aliyeko sakafuni na maumivu haiti kwa sauti hiyo. Tukaliacha. Badala yake mwenzetu alilala kwenye sakafu ya jikoni, bomba likitiririka na redio ikizungumza, akaita kwa pumzi ndogo kadiri alivyoweza. Kwa 0.5 hakusikika. Tulishusha hadi 0.3 akasikika mara nyingi, si zote. Tukahamisha maikrofoni kutoka juu ya friji hadi chini, karibu na mguu wa meza, na hilo lilisaidia kuliko namba zote tulizozigeuza. Spika zote tulizoziona katika nyumba za wazee wetu zimewekwa juu, mahali pa mtu aliyesimama.

Mapungufu yapo. Intaneti ikikatika ujumbe hauendi. Bafuni hakusikiki. Na kile kidude cha kuvaa shingoni chenye kitufe cha dharura bado ni bora kuliko mtambo wetu, lakini Bibi amekitia kwenye droo kwa sababu, asema, kinamfanya aonekane mgonjwa. Chausiku hamfanyi aonekane chochote. Wakija wageni huwaonyesha.

Atakayetaka kujaribu kwa wazee wake aje Jumatano baada ya somo la pili. Njoo na jina, na kwanza ulipitishe kwenye mazungumzo ya nyumbani kwenu kwa siku nzima, usikilize linajificha wapi. Zawadi mbele yetu amekwisha kushindwa: kila aliyeuliza zawadi ya nani alimwamsha.

Wiki iliyopita, katikati ya mhadhara, simu tatu zilitetemeka pamoja. We Chausiku, saa tano na dakika kumi asubuhi. Mwenzetu alitoka mbio, akapiga simu kwenye ngazi, mkono ukimtetemeka. Iliita mara nne.

"Bibi! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nnajaribu kama yupo. Mmekula?"