Sampuli bila Kumbukumbu Sahihi ni Bubu

Mwaka 1959, katika mji wa Léopoldville nchini Kongo, ambao leo huitwa Kinshasa, mtu mzima mmoja alitolewa damu kwa ajili ya utafiti. Virusi vya UKIMWI havikuwa vikijulikana wakati huo. Plazima ya damu hiyo ilihifadhiwa, na mwaka 1998 wanasayansi walitangaza kuwa wamekuta ndani yake vinasaba vya virusi hivyo. Mwaka 2008 vinasaba vingine vilielezwa, kutoka katika kipande cha tezi kilichochukuliwa kwa mgonjwa wa mji huohuo mwaka 1960 na kuhifadhiwa katika nta. Kwa kulinganisha sampuli hizo mbili, watafiti walikadiria kwamba virusi vilianza kuenea miongoni mwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Hesabu hiyo isingewezekana kama mwaka na mahali pa kuchukuliwa kwa sampuli havikuandikwa.

Kubainisha sifa za sampuli ni kueleza kilichomo kwenye chupa na yaliyokipata: aina yake, tarehe na saa ya kuchukuliwa, aina ya chupa, kiasi, muda uliopita kabla ya damu kutenganishwa, nyuzijoto za jokofu, na idadi ya mara ilizoyeyushwa na kugandishwa tena.

Kila kipengele kina sababu yake. Chembechembe za damu isiyotenganishwa huendelea kutumia glukosi, nayo hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba. Chembechembe nyekundu zikipasuka, potasiamu iliyomo humwagika, na majibu huonesha kiwango cha juu ambacho mgonjwa hana. Mtafiti asiyejua saa ya kuchukuliwa kwa damu aweza kudhani amegundua ugonjwa, kumbe amepima ucheleweshaji.

Katika kanzidata, kila chupa hupewa namba yake pekee. Sampuli ikigawanywa katika chupa tano, kila moja hupata namba inayoungana na ile ya sampuli mama. Majibu huandikwa pamoja na kizio chake: glukosi ya milimoli 5 kwa lita ni ya kawaida, lakini miligramu 5 kwa desilita ni hatari kwa maisha. Tarehe nazo hufuata mtindo mmoja, kwa kuwa 03/04 huweza kusomwa Aprili 3 au Machi 4. Kosa likionekana, halifutwi kimyakimya; sahihisho huwekwa pamoja na jina la aliyesahihisha, tarehe na sababu, na maandishi ya awali hubaki.

Kumbukumbu hizi humlinda pia mgonjwa. Jina lake halikai kwenye chupa ya utafiti; orodha inayounganisha majina na namba hutunzwa kando, na wachache tu huruhusiwa kuiona. Mshiriki ana haki ya kuuliza sampuli yake itatumika kwa nini na itahifadhiwa kwa muda gani, na ana haki ya kujitoa. Kanzidata isiyoonesha chupa ilipo humnyima haki aliyoahidiwa kwenye fomu ya ridhaa.

Mtoa huduma anayechukua sampuli ndiye mwandishi wa kwanza wa kumbukumbu hizo. Namba, tarehe na saa ziandikwe palepale, mbele ya mgonjwa, kabla ya kumwita mwingine. Kisichoandikwa saa ile hakuna mashine itakayoweza kukirejesha.