Utangulizi: Baada ya Maji, Nani Yuko na Mtoto?

Pengine umefungua ukurasa huu kwa sababu wewe ni mwalimu hapa Noonkopir, na Mei 2024 ulimpokea darasani mtoto asiye na sare, asiye na begi na asiyetaka kuongea. Au ni mhudumu wa afya ya jamii unayezunguka ploti za Kitengela, na mama mmoja amekuuliza mbona mwanawe wa miaka minane ameanza tena kukojoa kitandani. Utafiti wa jinsi watoto wanavyopona baada ya maafa umejengwa juu ya maswali ya namna hiyo.

Msimu ule wa mafuriko ulikuja juu ya mingine. Kajiado ilikuwa bado inauguza hasara ya ukame ulioanza 2020 na kufyeka mifugo. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Nino. Kisha masika ya 2024 yakaua zaidi ya watu 280 kote nchini Kenya. Usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliteremka Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, na kuzoa familia nzima. Huku kwetu Mto Athi na vijito vyake vilivunja kingo, na udongo mweusi wa nyanda hizi, ambao ukishashiba haunywi tena, ukayaacha maji yakae milangoni. Shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Wizara ya Elimu huhesabu vipindi vilivyopotea. Mimi naona hasara kubwa zaidi ilikuwa kengele: kwa mtoto aliyepoteza nyumba, shule ndiyo mahali pengine pekee alipojua saa nne kutatokea nini.

Utafiti ambao hutauepuka katika uwanja huu ulifanywa mbali, kwenye milima ya makaa ya mawe ya West Virginia, Marekani. Februari 26, 1972, bwawa la mabaki ya makaa lilipasuka juu ya bonde la Buffalo Creek. Watu 125 walikufa na maelfu wakabaki bila makao. Serikali ilileta nyumba za muda upesi, na hilo ni la kusifiwa, ila ilizigawa bila kujali nani alikuwa jirani ya nani. Watu walioishi ukuta kwa ukuta miaka mingi wakajikuta kambini miongoni mwa wageni. Mwanasosholojia Kai Erikson, katika kitabu chake cha 1976, alitofautisha kiwewe cha mtu mmoja na kiwewe cha jamii iliyokatika viungo, akaonyesha kwamba ni vigumu mtu kupona ikiwa jamii yake haijaungana tena. Miaka 17 baada ya maafa, Bonnie Green na wenzake waliwatafuta waliokuwa watoto wakati ule. Mwanzoni asilimia 32 walikuwa na maradhi ya kiwewe; sasa walikuwa asilimia 7. (Walitoka katika familia zilizoishtaki kampuni ya makaa, kwa hiyo usiichukue hesabu hiyo kama sheria ya dunia nzima.) Watoto wengi hupona. Lakini miaka 17 ni utoto mzima.

Muda huo wote mtoto huwategemea walio karibu naye; ndiyo maana swali la kwanza la taaluma yetu linawahusu watu wazima. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto London wakati wa mabomu ya Vita vya Pili, waliona kwamba kutenganishwa na mama kuliwaumiza wengi kuliko mabomu yenyewe. Sasa mfikirie mama wa Noonkopir anayetoka alfajiri kwenda kibarua Athi River. Kabla ya maji, jirani alimwangalizia mtoto. Jirani amehamia kwa jamaa zake, na mwenye nyumba mpya anataka kodi ya mwezi na amana. Nabishana mara kwa mara na wenzangu wanaoweka "huduma ya afya ya akili" katika bajeti moja na kodi ya nyumba katika bajeti nyingine. Kodi inayomrudisha mtoto karibu na jirani yuleyule ni tiba, na mara nyingi ni tiba bora kuliko ile ninayoitoa mimi.

Kuhusu mchezo, kuwa mvumilivu. Watoto watajenga vijumba vya tope na kuvizoa kwa kopo la maji, tena na tena, na watu wazima watawakemea wakidhani wanaita balaa. Waache. Lakini chunga jambo aliloliona Lenore Terr alipowachunguza watoto waliotekwa nyara katika basi la shule huko Chowchilla, California, mwaka 1976: kuna mchezo unaorudiwa bila kicheko, bila kubadilika, na mtoto hutoka humo akiwa na hofu ileile. Huo ukidumu, au usingizi na chakula vikigoma kwa zaidi ya mwezi, tafuta mtaalamu. Simu 116 ya watoto haina malipo.

Usimlazimishe mtoto kusimulia. Zamani iliaminika kuwa kikao kimoja cha kutoa yote moyoni kinazuia kiwewe. Mapitio ya tafiti yamekataa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 unatuambia tutazame, tusikilize, kisha tuunganishe watu na msaada. Katika hayo matatu, kuunganisha ndiko kunakochosha, na ndiko kunakorukwa.

Jambo moja watafiti hawa wakubwa hawakutuachia jibu lake. Buffalo Creek ilipasuka mara moja. Noonkopir masika hurudi kila Machi, na mtoto anayelia wingu likitanda hajakosea hata kidogo. Kumwambia "yamekwisha" ni kumdanganya, naye anajua. Tunachojaribu katika kurasa zinazofuata ni kumpa kazi: ajue njia ya kwenda mahali palipoinuka, ajue nani atamshika mkono mdogo wake, ajue cheti cha kuzaliwa kiko kwenye mfuko gani wa plastiki. Mazoezi hayo hufanywa Januari, wakati kuna vumbi na kila mtu anakuona unapoteza wakati.