Daftari la Wote Linahitaji Wasomaji

Mwaka wa kwanza pale hosteli tulikuwa na mchezo. Watu kumi na wawili, elfu kumi kila wiki, na anayefikiwa na zamu anaondoka na laki moja na ishirini. Daftari lilikuwa moja tu na lilikaa kwa kijumbe. Wiki ya tano mwenzetu mmoja akasema ameshatoa, daftari likasema hajatoa. Tungelinganisha na nini? Akalipa tena kwa shingo upande, na hadi leo sijui nani alikuwa mkweli.

Semista ya pili tukabadili utaratibu. Kila mmoja akanunua kidaftari chake, na Jumapili jioni malipo yanasomwa kwa sauti, wote tunaandika. Kuanzia hapo, mtu akitaka kuchezea hesabu, itabidi achezee vidaftari kumi na viwili.

Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo blokucheni kwa lugha ya hosteli. Mimi nasoma elimu, si kompyuta, kwa hiyo nitaieleza kama ningekuwa mbele ya darasa. Blokucheni ni daftari la miamala ambalo nakala zake zinatunzwa na kompyuta nyingi za watu mbalimbali duniani, zinazoitwa nodi. Miamala inafungwa kwenye mafungu, na kila fungu linabeba alama ya lile lililotangulia. Ukigusa mstari wa zamani, alama zinazofuata hazikubaliani tena, na nodi nyingine zinaikataa nakala yako.

Ndiyo maana wapenzi wa sarafu za kidijitali wanapenda kusema kwamba humu hakuna haja ya kumwamini mtu, hisabati inalinda yenyewe. Nami niliamini hivyo. Lakini nikifuatilia historia yake, naona hisabati inalinda nusu tu ya nyumba. Nusu ya pili inalindwa na watu, na watu wakisinzia, mwizi anaingia kwa mlango wa mbele. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni Bitcoin. Kanuni yake inasema sarafu hazitazidi milioni 21. Tarehe 15 Agosti 2010 mtu alitumia kosa lililokuwa ndani ya programu, zikazaliwa sarafu zaidi ya bilioni 184 kwa mkupuo. Nodi zikakubali, maana kosa lilikuwa ndani ya kipimo chenyewe. Aliyeshtuka ni binadamu aliyetazama namba akaona haiwezekani. Ndani ya saa chache toleo jipya la programu likatolewa, wenye nodi wakaliweka, na mnyororo wenye sarafu hewa ukaachwa nyuma. Hakukuwa na bosi wa kuwalazimisha. Kila mmoja aliamua kwenye mashine yake.

Wa pili ni mgumu zaidi. Mwaka 2016, juu ya mtandao wa Ethereum, ulianzishwa mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO. Watu walichangia sarafu zenye thamani ya takribani dola milioni 150, na mikataba yote iliandikwa kama programu inayojiendesha. Programu hiyo ilikuwa na tatizo: ilitoa hela kwanza, ndipo ikaandika kwamba imetoa. Ni kama mhasibu anayekupa fedha kabla ya kuweka tiki kwenye jina lako, nawe unarudi dirishani tena na tena. Tarehe 17 Juni mdukuzi alifanya hivyo hivyo, akahamisha etha kama milioni 3.6.

Kwa bahati, kanuni za mfuko zilimzuia kuzitumia kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo mjadala ukawaka. Upande mmoja ulisema turekebishe daftari, wenye mali warudishiwe. Upande mwingine ukasema kanuni iliyoandikwa ndiyo sheria, na tukifuta mara moja, kesho tutafuta ya nani? Kura isiyo rasmi ikapigwa kwa uzito wa etha. Takribani asilimia 87 ya kura iliunga mkono marekebisho, ingawa etha zilizopigiwa kura zilikuwa sehemu ndogo ya etha zote. Tarehe 20 Julai mtandao ukagawanyika. Wengi wakahamia kwenye mnyororo uliorekebishwa. Waliokataa wakabaki na ule wa awali, unaoitwa Ethereum Classic.

Siandiki haya kusema nani alikuwa sahihi. Ninachoona ni kwamba swali la haki halikuwa na jibu ndani ya programu. Lilijibiwa na watu, kwa kubishana. Na idadi ya walinzi ina uzito wake: Ethereum Classic, iliyobaki na wachimbaji wachache zaidi, ilishambuliwa mara tatu Agosti 2020 peke yake, na watu waliopata zaidi ya nusu ya nguvu ya uchimbaji wakaandika upya sehemu ya daftari.

Wa tatu ndio unaoniuma. Aprili 2022 mradi ulioitwa Beanstalk ulikuwa ukiongozwa kwa kura za wanachama, na kura zilihesabiwa kwa wingi wa amana. Mdukuzi alichukua mkopo wa papo kwa papo, karibu dola bilioni 1, unaokopwa na kurudishwa ndani ya muamala mmoja. Kwa mkopo huo akapata zaidi ya theluthi mbili ya kura, akapitisha pendekezo lake mwenyewe la kujihamishia mfuko, akarejesha mkopo, akabaki na zaidi ya dola milioni 70. Hakuvunja kufuli lolote. Alipiga kura. Na pendekezo lilikuwa limewekwa hadharani tangu siku iliyotangulia, mahali ambapo mwanachama yeyote angeweza kuliona na kuuliza.

Inaniuma kwa sababu nasi tulifanya hivyo hivyo. Mwaka wa pili, Alhamisi moja usiku, ujumbe mrefu uliwekwa kwenye grupu la mchezo: zamu zipangwe upya, anayepinga aseme kabla ya Jumamosi. Nikaweka kidole gumba bila kusoma. Karibu wote wakaweka. Mwenzetu mmoja alikuwa kijijini msibani, hana bando. Aliporudi akakuta zamu yake imetupwa mwisho, na ile hela ndiyo aliitegemea kulipia chumba cha kupanga wakati wa mazoezi ya kufundisha. Vidaftari vyote kumi na viwili vilikuwa sahihi, vinafanana neno kwa neno. Tulimdhulumu kwa utaratibu uliokamilika.

Kwa hiyo mtu akikuletea sarafu mpya, au kikundi chochote cha fedha, usiishie kuuliza kama teknolojia yake ni salama. Uliza nakala za daftari ziko kwa nani. Uliza mabadiliko yanapendekezwaje, na watu wanapewa siku ngapi za kusoma. Uliza kura ni ya mtu au ya pesa. Kisha jiulize swali ambalo hatulipendi: mimi mwenyewe nitasoma?

Mwenzetu tulimchangia, tukachelewa wiki mbili, na mwenye nyumba alishampa chumba mtu mwingine. Sasa mchezo wetu una kanuni moja zaidi. Kabla ya kura, mtu mmoja anachaguliwa palepale aeleze pendekezo kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, kura inaahirishwa. Mwezi uliopita nilichaguliwa mimi, nikashindwa, na kura ikaahirishwa.