Vikombe vya Player na Mvua ya Durban

Katika orodha ya mabingwa wa gofu duniani, jina la Gary Player wa Afrika Kusini halifutiki. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1935, mtoto wa mchimba dhahabu, akafiwa na mama yake angali mdogo. Kimo chake kilikuwa kifupi kuliko cha wapinzani wake wengi, naye akakifidia kwa mazoezi ya viungo na kunyanyua vyuma, zama ambazo wachezaji wa gofu waliyadharau mambo hayo. Kati ya mwaka 1959 na 1978 alitwaa mataji makuu 9. Mwaka 1965 akawa mtu wa tatu katika historia kuyashinda mashindano yote makuu 4. Hakutokea mwingine asiyekuwa Mmarekani hadi Rory McIlroy mwaka 2025.

Lakini mwaka huo huo wa 1965, katika mashindano ya wazi ya Natal, Player alishindwa na Sewsunker Sewgolum, maarufu kwa jina la Papwa.

Huyu Papwa alikuwa Mhindi wa Durban aliyeanza kwa kuwabebea Wazungu mikoba ya fimbo. Hakufundishwa na mtu. Alishika fimbo mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, kinyume cha desturi, na mpira ukatii. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Kwao mambo yalikuwa mengine. Aliposhinda yale ya Natal mwaka 1963, Wazungu walikaa ndani ya jumba la klabu, ambamo Mhindi hakuruhusiwa. Mshindi akakabidhiwa kikombe chake nje, mvua inanyesha. Picha ile ilienea ulimwenguni. Baada ya ushindi wa 1965 makaburu wakamfungia milango ya mashindano makubwa ya nchi yake mwenyewe, na pasi ya kusafiria wakamnyang'anya.

Player je? Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alijitangaza kuwa mtu wa Afrika Kusini ya Verwoerd. Mwaka 1969 waandamanaji walimzonga uwanjani huko Dayton, Marekani. Baadaye alibadilika, na insafu yataka jambo hilo lisemwe: mwaka 1971 alimwalika Lee Elder, Mmarekani mweusi, kucheza Afrika Kusini, na amekiri kwamba msimamo wake wa zamani ulikuwa kosa. Hata hivyo toba haibadili hesabu. Mashindano ya wazi ya Afrika Kusini aliyatwaa mara 13, ilhali kwa miaka mingi kati ya hiyo wananchi walio wengi walizuiwa nje ya uzio, ama waliingia kubeba mikoba. Mwenye kuitaja 13 asiutaje uzio ameandika nusu ya wasifu.

Walikuwapo waliotulaumu Tanzania ilipokataa kwenda Montreal mwaka 1976, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini. Filbert Bayi akaikosa Olimpiki ile. Wakasema siasa isiingizwe michezoni, kana kwamba ni sisi tuliomsimamisha Papwa mvuani! Mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kupinga uhusiano wa michezo na makaburu, na walikubaliana huko Gleneagles, Scotland, mahali panaposifika kwa viwanja vya gofu.

Aprili 1978 Player alivishwa koti la kijani la Augusta kwa mara ya tatu, akiwa na umri wa miaka 42. Papwa alifariki mwaka huo huo, katika ufukara.